Nani Amefuta Chapisho Lako?

Swali: Facebook ikifuta chapisho langu, si imeninyima uhuru wa kusema?

Jibu: Kisheria, mara nyingi hapana. Ile ni kampuni binafsi, na ulipofungua akaunti ulikubali masharti yake, hata kama hukuyasoma (nani huyasoma?). Katiba huibana serikali kwanza. Kwa hiyo uliza: imefuta kwa kanuni zake, au kuna mkubwa aliyepiga simu?

Swali: Tutajuaje kama serikali imetia mkono?

Jibu: Mara nyingine hujitangaza yenyewe. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook iliondoa akaunti ilizosema ni bandia, zikihusishwa na kitengo kilicho chini ya Wizara ya TEHAMA. Tarehe 12 Rais Museveni alitokea kwenye televisheni, akailaumu kampuni kwa jeuri na upendeleo, na Facebook ikafungwa. Usiku wa kuamkia kura ya tarehe 14 intaneti nzima ikazimwa. Ilirudi baada ya siku tano hivi. Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Waganda wakaingia kwa VPN, ujanja waliokwisha kuuzoea tangu Julai 2018, walipoanza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili watumie WhatsApp na mitandao mingine. Tazama basi: waliofutiwa ni wapambe wa serikali, lakini adhabu ikamwangukia hata muuza vitenge aliyetafuta wateja Facebook.

Swali: Na serikali ikinong'ona tu bila kufunga?

Jibu: Hapo ndipo pagumu. Majimbo ya Missouri na Louisiana, Marekani, yalishtaki kwamba maofisa wa Rais wa wakati huo, Biden, walizishinikiza kampuni zifute machapisho kuhusu UVIKO-19. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilisema walalamikaji hawakuwa na haki ya kufungua kesi hiyo. Kama shinikizo lilivuka mpaka, haikuamua. Agosti mwaka huohuo Mark Zuckerberg, mkuu wa kampuni inayomiliki Facebook, aliliandikia Bunge kwamba mwaka 2021 walisukumwa mara kwa mara wafute hata mizaha, ingawa uamuzi ulikuwa wao. Kwangu mimi, kauli hiyo inaibana kampuni kama inavyoibana serikali.

Swali: Nikifutiwa nifanyeje?

Jibu: Piga picha ya skrini kabla ya yote, kisha kata rufaa humohumo kwenye programu. Soma taarifa uliyotumiwa neno kwa neno. Ikitaja sheria ya nchi yako badala ya kanuni za kampuni, mtafute wakili.