Anakula Vizuri na Huku Anakonda: Ugonjwa wa Tezi ya Shingo



Mtu akila vizuri na huku anakonda, moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka, majirani husema upesi: «Amelishwa sumu», ao «Ni kifua kikuu». Pengine si hivyo. Pengine ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huu una dawa. Lakini ukiachwa, unachosha moyo na unaweza kuua.

Tezi hiyo ni nini?

Iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inachukua iodini ya chakula na kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa moyo, joto la mwili na kazi ya tumbo. Homoni zikizidi, mwili wote unakimbia hata wakati wa kupumzika.

Ugonjwa unatoka wapi?

Sababu moja ni ugonjwa wa Graves: kinga ya mwili yenyewe inachochea tezi. Unashika wanawake kuliko wanaume.

Sababu ya pili ni rovu la zamani lenye mafundo, nalo tunalijua hapa Kivu. Milima yetu iko mbali na bahari na udongo una iodini kidogo. Katika kisiwa cha Idjwi waganga walichunguza rovu tangu miaka ya 1960. Waliona kwamba mihogo pia inaongeza shida, ndiyo maana ni lazima kuiloweka na kuianika vizuri. Tezi inayokosa iodini huvimba. Miaka ikipita, mafundo huota ndani yake, na mengine hayatii tena amri ya mwili. Yakipata iodini nyingi kwa ghafula, yanatengeneza homoni bila kipimo. Ndivyo ilivyokuwa Kivu chumvi ya iodini ilipoenea: mwaka 1996 waganga waliandika habari hiyo katika gazeti la Lancet.

Basi, tuache chumvi ya iodini? Hapana! Mama mjamzito akikosa iodini, akili ya mtoto inaweza kudumaa. Chumvi ibaki jikoni, na mwenye rovu la zamani aende apimwe.

Alama zake

- kukonda, ingawa hamu ya chakula ipo;
- moyo kwenda mbio ao kuruka-ruka;
- kutetemeka mikono, kutoka jasho, kuchukia joto;
- kukosa usingizi na kukasirika upesi;
- kuharisha mara kwa mara; hedhi kubadilika;
- rovu, ao macho kutokeza nje.

Mzee anaweza kuwa na uchovu na moyo mbaya tu.

Shimoni kila mtu anatoka jasho, na mchimbaji hudhani mikono inatetemeka kwa sababu ya mashine. Kwa hiyo jipime nyumbani asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani: hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Kisha nyosha mikono na uweke karatasi juu ya vidole. Mapigo yakipita 100, ao karatasi ikitetemeka sana, fika dispanseri. Mwambie mkubwa wako wa kazi pia: mikono inayotetemeka ni hatari kwa mwenye mashine na kwa wenzake.

Matunzo

Muganga atapima homoni katika damu. Kuna vidonge vya kupunguza kazi ya tezi, kama carbimazole, na propranolol ya kutuliza moyo. Mwenye pumu asimeze propranolol. Ugonjwa wa Graves hutaka vidonge kwa miezi 12 hadi 18; usiache kwa sababu umepata nafuu. Rovu lenye mafundo mara nyingi hutaka operesheni ao iodini ya mionzi, ambayo haipatikani kila mahali.

Angalieni sana: anayemeza carbimazole akipata homa na maumivu ya koo, aache kidonge na aende hospitali siku ile ile, damu ipimwe. Mwanamke mwenye mimba aseme mapema, dawa ibadilishwe. Mvuta sigara aache, kwa maana moshi unazidisha ugonjwa wa macho.

Mama wa nyumba, wewe ndiwe unayeona kwanza suruali ya bwana inapolegea kiunoni. Usingoje. Mlete apimwe.