Je, Wahindu Wana Miungu Mingapi?



Kijana mmoja wa darasa letu la kipaimara aliporudi kutoka Dar es Salaam alitusimulia kuwa amepita Mtaa wa Kisutu, akachungulia hekaluni, akaona watu wakimwabudu tembo. Darasa zima lilicheka. Nasi walimu, twakiri, tulicheka pia. Baadaye tuliona haya, maana katika amri tunazowafundisha watoto hao imo ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hatukujua kama yaliyosemwa ni kweli. Basi tukajifunza kidogo.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Wahindi wengi wa Tanzania si Wahindu hata kidogo: wako Waismailia na Mabohora, ambao ni Waislamu, na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki.

Huyo "tembo" ni Ganesha. Si yule anayekula mashamba yetu. Wahindu husimulia kwamba Parvati alimwumba mtoto amlindie mlango alipokuwa akioga. Mumewe, Shiva, aliporudi akazuiwa na mtoto asiyemjua, akamkata kichwa kwa hasira. Kisha, kwa huzuni ya mama, akamrudishia uhai kwa kichwa cha tembo. Ganesha ndiye mwondoa vizuizi, kwa hiyo huombwa kwanza kabla ya harusi au kufungua duka.

Yuko Vishnu, mhifadhi, ambaye huaminiwa kuwa alishuka duniani mara nyingi, kama Rama na kama Krishna. Mkewe Lakshmi ni wa neema na mali. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati humwomba wakifungua vitabu vipya vya hesabu. Saraswati ni wa elimu.

Mingapi basi? Katika kitabu chao cha kale, Upanishadi ya Brihadaranyaka, mwenye hekima Yajnavalkya aliulizwa swali hilo hilo. Akajibu: 3,306. Akaulizwa tena, akasema 33. Akazidi kubanwa: sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, hata mwisho mmoja. Huyo ndiye Brahman. Wahindu wengi husema miungu mingine yote ni sura zake yeye asiye na umbo. Wengine humshika Vishnu au Shiva kuwa mkuu kuliko wote. Tena wapo Arya Samaj, chama kilichoanzishwa Bombay mwaka 1875, wanaokataa sanamu kabisa.

Hatusemi kwamba imani hiyo ni moja na yetu. Sisi twakiri kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mwanadamu mara moja tu, na hapo pana tofauti kubwa. Lakini hata Mtume Paulo, kabla ya kusema na watu wa Athene, alizunguka kwanza akayatazama waliyoyaabudu.

Kijana wetu amekubali kulieleza darasa habari hii upya Jumapili ijayo, safari hii akimtaja Ganesha kwa jina lake.