Jenga Ukingo Juu ya Paa Lako

SOMO LA WIKI
Maandiko: Kumbukumbu la Torati 22:8, Zaburi 101:2-3



Jumatano moja nilitoka ibada ya maombi nikafika nyumbani hapa Ganjoni saa mbili usiku. Mwanangu wa miaka saba akaniuliza, "Baba, yule mtu alimdunga mwenzake kisu, mbona hakusema pole?" Nikafoka. Nikamlaumu dada anayetusaidia nyumbani, nikalaumu mtandao, nikailaumu serikali. Kisha nikashika rimoti. Kumbe ile filamu niliianza mimi mwenyewe Jumatatu usiku, nikalala ikiwa katikati. Mtoto alibonyeza tu palipoandikwa endelea.

Je, serikali imelala? Hapana. Tuna bodi ya kuainisha filamu, KFCB, inayozipa alama: GE ni ya wote, PG mtoto atazame na mzazi, 16 na 18 ni za umri huo kwenda juu. Stesheni za TV nazo zinatakiwa kuonyesha vipindi vinavyofaa familia kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Januari 2014 bodi ilipiga marufuku filamu ya The Wolf of Wall Street. Wakati huo filamu ilikuwa na mlango wa kupitia: ukumbi wa sinema, duka la DVD ama stesheni.

Januari 2016 Netflix ikaingia Kenya. Bodi ikalalamika waziwazi kuhusu filamu ambazo haikuzipima. Lakini mlango ulikuwa umeshahamia sebuleni kwetu, na huko hakuna saa nne usiku.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niseme wazi: huduma unayolipia kwa mwezi inataka usiondoke. Ndiyo maana kipindi kikiisha, kingine huanza chenyewe. Kampuni imekupa kufuli, ndio, lakini haitakuja kukufungia.

Sasa tuangalie neno. Musa aliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Paa zao zilikuwa bapa, watu wakikaa juu, vile sisi hupanda juu ya gorofa kuanika nguo na watoto wakicheza kando ya matangi ya maji. Tuone mambo mawili. Kwanza, amri ilitoka juu, lakini mwenye nyumba ndiye aliyebeba mawe. Pili, ukingo hujengwa kabla mtu hajaanguka.

Hata hivyo, ukingo pekee hautoshi. Katika Zaburi 101 Daudi anaahidi kwanza kuenenda kwa moyo mnyofu ndani ya nyumba yake, ndipo anataja macho yake. Ndani ya nyumba, pale ambapo washirika hawakuoni! PIN itamfichia mtoto filamu yangu, lakini haitanificha mimi mbele za Mungu.

HATUA ZA WIKI HII

1. Mfungulie mtoto ukurasa wake, uweke kiwango cha umri.
2. Weka PIN kwenye ukurasa wako. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, watoto wanaujua.
3. Pitia orodha ya vilivyotazamwa nyumbani. Anza na yako.
4. Mtoto akiuliza alichokiona, kaa chini umjibu. Ukimfokea, kesho atatazama na hatakuuliza. Mimi ilibidi nimwombe msamaha mwanangu, kisha dada.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

- Nani nyumbani kwako anajua namba ya siri?
- Kuna kitu unachotazama ambacho ungezima mtoto akiingia? Kwa nini?

MAOMBI

Baba, tusamehe tulipowalaumu wengine kwa paa tulizoziacha wazi. Tupe hekima ya kujenga ukingo, na moyo mnyofu ndani ya nyumba zetu. Katika jina la Yesu, amina.