Dondoo muhimu: Kutoka Makutano hadi Mji Mkongwe

Ukipanga safari ya Zanzibar kutoka Makutano, Kenya, anza na Mji Mkongwe kabla ya ufuo, kwa sababu mji ndio unaokieleza kisiwa. Aprili 1872 kimbunga kilivunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Baada ya hapo Sultani wa Zanzibar, Barghash bin Said, akajenga: akaleta maji ya bomba mjini, na mwaka 1883 akasimamisha jumba la Beit al-Ajaib. Utauliza, kimbunga cha zamani hivyo kimeacha nini? Kimeacha ramani ya karafuu: Pemba, iliyoumia kidogo, ndiyo iliyoongoza tangu hapo, kwa hiyo mwenye nafasi avuke hadi huko.

Wapo wanaohoji kwa nini Mkristo wa Meru au Embu afunike mabega na magoti, au asile hadharani mchana wa Ramadhani. Mji huu ni makazi ya watu, wengi wao Waislamu, na umelipa nafasi hata kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873. Mgeni naye aupe mji heshima kama hiyo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiingie msikitini bila kukaribishwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Ulizia hali yake kabla ya kupanga kuingia.