Kuunga maandishi katika PHP: sentensi nzima au vipande?

Katika PHP, lugha inayotumika sana kuandikia tovuti, kuna njia mbili za kawaida za kuunga maandishi na kigeu, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika. Ya kwanza hutumia nukta:

echo $kitu . ' imefutwa.';

Ya pili huweka kigeu ndani ya alama mbili za mtajo:

echo "$kitu imefutwa.";

Waandishi wa programu hubishana ni ipi inayosomeka vizuri zaidi. Kwa anayeshughulikia lugha za Kibantu, swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: je, sentensi inaweza kukatwa mahali hapo?

Tuchukue $kitu kuwa Picha. Tunapata "Picha imefutwa", sentensi sahihi. Tuweke Kitabu: "Kitabu imefutwa". Tuweke Jina: "Jina imefutwa". Njia zote mbili zinatoa kosa lilelile, kwa sababu kiambishi cha kitenzi hufuata ngeli ya nomino: kimefutwa, limefutwa.

Wengine hukata zaidi:

echo $kitu . ' ' . $kiambishi . 'mefutwa.';

Kwa Kiswahili inafanya kazi. Lakini mfasiri wa Kifaransa anapewa kipande "mefutwa" peke yake, naye hana la kufanya: Kifaransa huonyesha jinsia mwishoni, supprimé au supprimée. Mara nyingi ile "supprimé(e)" tunayoikuta kwenye skrini ni alama ya kushindwa huko.

Dawa ni kuandika sentensi nzima kwa kila nomino, kisha programu ichague:

$ujumbe = [
'picha' => 'Picha imefutwa.',
'kitabu' => 'Kitabu kimefutwa.',
'jina' => 'Jina limefutwa.',
];
echo $ujumbe[$aina];

Kigeu kibaki kwa kile tu kisichojulikana mapema, kama jina la mtu au idadi. Hapo sprintf husaidia, kwani kila nafasi hupewa namba:

echo sprintf('Picha %2$d za %1$s', $mwenye, $idadi);

Kiingereza kinaweza kumtaja mwenye kitu kwanza, kisha idadi, kisha kitu. Kiswahili huanza na kitu. Namba zinamruhusu mfasiri kubadili mpangilio bila kugusa programu. Hapa tutumie alama moja-moja za mtajo: ndani ya alama mbili, PHP ingedhani $d na $s ni vigeu.

Idadi ikiwa 1, "za" huwa "ya". Basi umoja na wingi viandikwe kama sentensi mbili kamili. Ngettext huchagua kati yake.

Kwa hiyo kipimo cha mtindo bora si urefu wa mstari wala uzuri wa nukta. Ni hiki: mfasiri anayeona maandishi hayo tu, bila programu, anaweza kuyafasiri?

Zoezi: ongeza "ujumbe" na "mtumiaji" katika orodha ya juu, kisha andika orodha hiyohiyo kwa lugha yako ya nyumbani.