Kiporo cha Kuku, Supu ya Adesi: Mwongozo wa Jikoni kwa Kila Kaya

Kuku akipikwa siku ya Jumapili au siku ya Idi, mara nyingi hubaki kitu: mgongo, shingo, mabawa mawili, vipande vya kidari vilivyokosa mlaji. Ukiongeza kikombe kimoja cha adesi, kiporo hicho kinatosha kulisha watu sita mlo kamili. Kikitunzwa vibaya, kinaweza kuwalaza watu haohao kwa kuhara na kutapika. Jambo hilo huamuliwa mapema, tangu sufuria ya kwanza ilipoepuliwa jikoni, kabla hata hujafikiria supu.

Kijitabu hiki ni cha kila anayepika nyumbani: mama, baba, bibi, kijana, dada wa kazi. Kinaeleza namna ya kutunza kiporo, namna ya kupika supu, na namna ya kumlisha kila mmoja kulingana na umri na afya yake.

1. USALAMA HUANZA SIKU YA KWANZA

Vijidudu vinavyoleta maradhi ya tumbo huzaana kwa kasi chakula kikiwa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, joto la mchana hupita nyuzi 30 miezi ya Januari na Februari, na jikoni penye moto huwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, hesabu saa 1 tu.

Wapo wanaoamini kwamba kiporo kilicholala mezani kitapona kikichemshwa sana asubuhi. Hilo ni hatari. Moto huua bakteria wengi, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha ndani ya chakula haiondoki kwa kuchemsha. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya njema, ni mmoja wa hao. Bakteria wa aina tofauti, Clostridium perfringens, hujifungia ndani ya chembe ngumu zinazostahimili mchemko, kisha huamka na kuzaana nyama inapopoa polepole kwenye sufuria kubwa.

Usitegemee pua wala ulimi. Chakula kilichochacha utakijua kwa harufu, ila chenye vijidudu vya maradhi huweza kunukia vizuri na kuwa na ladha ileile ya jana. Kuonja "kidogo tu" ili kupima si kipimo.

Kwa hiyo, siku kuku anapopikwa:

• Tenga kiporo kabla ya kula. Nyumba nyingi tunakula pamoja katika sinia moja, na ni desturi njema. Lakini nyama iliyokwisha kuguswa na mikono ya walaji si ya kuhifadhi. Ukiona kuku ni mwingi, toa sehemu ya kesho kwa upawa safi, moja kwa moja kutoka sufuriani, kabla ya kupakua. Mifupa iliyotafunwa haiingii kwenye supu.

• Nyofoa minofu mapema. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha tenganisha nyama na mifupa. Vipande vidogo hupoa upesi kuliko kuku mzima.

• Weka kwenye chombo kipana na kifupi, chakula kisizidi kina cha sentimita 5, ufunike na kuingiza kwenye friji ndani ya muda uliotajwa. Huna haja ya kungoja kipoe kabisa.

• Kiweke rafu ya juu. Nyama mbichi ikae chini, ili maji yake yasidondokee chakula kilichoiva. Ubao na kisu vilivyokatia kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa aliyeiva.

• Tumia ndani ya siku 3. Ukijua hutapika supu kwa muda huo, gandisha kwenye friza siku ileile.

Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Ikiwa imefungwa, hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Ukikatika usiku kucha na nyama ikawa imeshapoteza ubaridi, itupe, hata kama moyo unauma.

2. KAMA NYUMBANI HAMNA FRIJI

Kaya nyingi hazina friji, na hazikosi kula salama. Kanuni ni moja: chakula kiwe cha moto sana au kiishe.

Kuku akiliwa saa 7 mchana, tenga kiporo kabla ya kula na uinjike mifupa jikoni mara baada ya chakula. Supu iwe tayari kwa mlo wa jioni, na sufuria ibaki juu ya moto mdogo, ikifuka mvuke, hadi wakati wa kupakua. Hotipoti nzuri husaidia kwa saa chache: isuuze kwanza kwa maji yanayochemka, kisha tia supu ikiwa inatokota na ufunge mara moja.

Chakula kikizidi, mpelekee jirani kikiwa bado cha moto, naye akile siku hiyohiyo. Kulaza sufuria juu ya jiko lililozimika ili kuichemsha alfajiri si njia salama, hata kama wazee wetu walifanya hivyo bila kuona madhara kila mara.

3. KWA NINI KUKU NA ADESI

Adesi ni mbegu ndogo bapa. Zilizomenywa huwa nyekundu kama chungwa, zenye ganda huwa kahawia au kijani. Katika masoko ya Nairobi wachuuzi wengi huziita kamande. Hazihitaji kulowekwa usiku kucha kama maharage, hivyo huokoa mkaa na gesi.

Katika kila gramu 100 za adesi kavu, takriban gramu 24 ni protini. Zina nyuzinyuzi nyingi zinazosaidia choo na kuzuia sukari isipande ghafla mwilini. Zina pia folati, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, pamoja na madini ya chuma.

Chuma cha kwenye mimea ni kigumu kufyonzwa na mwili. Hapa ndipo kuku anapofanya kazi kubwa kuliko wingi wake: nyama hata kidogo, ikiliwa pamoja na adesi, huusaidia mwili kukichukua kile chuma. Vitamini C ya ndimu na ya hoho mbichi husaidia vivyo hivyo. Chai na kahawa hufanya kinyume, hukizuia. Kwa hiyo usinywe chai pamoja na supu hii. Ngoja angalau saa 1 baada ya kula.

Hivi ndivyo kuku mchache anavyotosha watu wengi. Supu iliyoelezwa hapa chini humpa kila mlaji, kati ya watu sita, takriban gramu 18 hadi 20 za protini.

4. MAHITAJI KWA WATU 6

• Minofu ya kuku iliyobaki, vikombe 2 (kama gramu 250)
• Mifupa, shingo na mgongo wa kuku huyo
• Adesi kikombe 1 (kama gramu 200)
• Maji safi lita 2
• Kitunguu maji 1 kikubwa na punje 4 za kitunguu saumu
• Kipande cha tangawizi, urefu wa kidole gumba
• Karoti 2, viazi mviringo 2, nyanya 2 zilizoiva, hoho 1
• Fungu 1 dogo la mchicha
• Bizari nzima kijiko 1 cha chai, manjano nusu kijiko cha chai
• Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
• Ndimu 1, kotimiri, na chumvi isiyozidi nusu kijiko cha chai

Kuku alikwisha kutiwa chumvi jana, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza. Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote alivyokula. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani ni chumvi kwa sehemu kubwa. Mifupa yako itatoa ladha ya kutosha bila vidonge hivyo.

5. HATUA ZA KUPIKA

Kwanza, chemsha mifupa. Itie kwenye maji lita 2, ichemke, kisha punguza moto itokote polepole kwa dakika 45 hivi. Engua povu linaloelea. Chuja kwa chujio na uitupe mifupa yote. Pitisha macho kwa makini, kwani vifupa vya shingo ni vidogo na huweza kumkaba mtoto.

Pili, chambua adesi. Zimwage kwenye sinia au ungo, zitandaze kwa kiganja, uzisogeze chache chache kuelekea kwako. Vijiwe vyake hufanana nazo kwa ukubwa na hata kwa rangi, ila having'ai wala si bapa. Zioshe mara tatu au nne hadi maji yasiwe na utusitusi.

Tatu, kaanga viungo. Pasha mafuta, tia bizari nzima hadi inukie, kisha kitunguu maji. Kikilainika na kuanza kubadilika rangi, tia kitunguu saumu, tangawizi na manjano, ukoroge kwa dakika moja ili visiungue.

Nne, tia adesi, karoti, viazi na ile supu ya mifupa. Adesi nyekundu huiva kwa dakika 15 hadi 20. Utaona rangi yake ya chungwa ikififia kuwa njano, na mbegu zikipasuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Zenye ganda huchukua dakika 30 hadi 40. Nyanya ziingie adesi zikishalainika, kwa sababu uchachu huzichelewesha kuiva.

Tano, tia minofu ya kuku. Acha supu itokote kwa dakika 10, ukikoroga hadi chini. Mchemko wa kweli hauonekani pembeni tu. Mapovu makubwa hupasuka katikati ya sufuria, na ukikoroga yanarudi mara moja. Nyama yote lazima ipate moto hadi ndani.

Sita, malizia. Tia mchicha uliooshwa na kukatwakatwa pamoja na hoho, dakika 2 au 3 zinatosha. Epua, ndipo ukamulie ndimu na kunyunyiza kotimiri. Ndimu ikichemshwa sana hupoteza vitamini C yake.

Kama adesi hazipatikani, tumia choroko zilizolowekwa, kunde au mbaazi, nawe uzichemshe hadi zilainike kabisa kabla ya kutia kuku. Maharage mekundu lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali hadi yaive, kwani mabichi yana sumu inayoumiza tumbo.

6. KUMLISHA KILA MMOJA

Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1: Aendelee kunyonya. Ni salama zaidi kumpa chakula kilichopikwa siku hiyohiyo, si kiporo. Mpondee adesi na viazi vilivyochemshwa bila chumvi wala pilipili, viwe vizito kiasi cha kushikamana na kijiko.

Mtoto wa zaidi ya mwaka 1: Mkatie nyama vipande vidogo sana na ukague mifupa mara ya pili. Mpe bakuli lake mwenyewe, ujue amekula kiasi gani.

Mama mjamzito: Supu hii inamfaa sana, iliwe ikiwa ya moto. Haichukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na folati anavyopewa kliniki.

Mzee au mgonjwa anayepata nafuu: Ponda sehemu ya adesi kwa mwiko ili imezeke bila taabu. Mpe kidogo mara kwa mara.

Mwenye ugonjwa wa figo au gauti: Aulize mhudumu wa afya kwanza, kwa kuwa huenda ameagizwa kupunguza kuku na jamii ya kunde.

Asiyezoea adesi anaweza kujaa gesi. Aanze na bakuli dogo, tumbo huzizoea.

7. SUPU IKIBAKI

Ikiwa ulipika kwa kiporo, nyama hiyo imeshapashwa moto mara moja. Jitahidi iishe siku hiyo. Ndiyo maana tunashauri upike kiasi cha walaji waliopo.

Ukitaka supu ya akiba, gawa kazi: pika supu ya mifupa na adesi nyingi, toa sehemu ya akiba kabla ya kutia minofu. Weka sufuria ya akiba ndani ya beseni la maji baridi, ikoroge ipoe upesi, kisha iingize kwenye friji kwa siku zisizozidi 3, au kwenye friza kwa miezi 2. Siku ya kula, iyeyushe ndani ya friji, wala si juu ya meza.

8. TUMBO LIKIHARIBIKA

Anayeharisha apewe mara moja dawa ya kuongeza maji mwilini, ile inayojulikana kama ORS, iliyochanganywa na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kituo cha afya ambako atapewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona: damu kwenye choo, kutapika kila anachokunywa, macho kuzama, mkojo kuwa haba, homa kali, kulegea au kushindwa kuamka, au kuharisha maji mengi mfululizo. Mtoto wa chini ya miezi 6, mjamzito na mzee wasingoje dalili hizi zizidi.

BANDIKA HAPA JIKONI

• Tenga kiporo kabla ya kula, kwa upawa safi.
• Nje kisizidi saa 2; kukiwa na joto kali, saa 1.
• Kwenye friji kisizidi siku 3.
• Pasha hadi kitokote katikati, mara moja tu.
• Kilicholala nje ni cha kutupa, hata kikinukia.
• Chai, saa 1 baada ya supu.
• Kila anayepika katika nyumba hii asomewe kanuni hizi.