SOMO LA UFUNDI: Motere Yenye Moto Inayokataa Kuwaka

Somo hili wengi wametuomba tangu ile siku gari yetu ilipotuachisha njiani. Wale waliosukuma wanaijua habari. Kwa wengine tutaisema kwa maneno machache.

Tulikuwa na mama mwenye mimba ndani ya Land Rover ya zamani, ile ya esanse, tukimpeleka hospitali. Uchungu ulianza asubuhi. Gari ilitembea vizuri masaa mawili katika mchanga mwingi, gia ya kwanza na ya pili tu. Tulipofika kwenye kivuko tulikata kontakti, tukangoja zamu yetu karibu robo saa. Zamu ikafika, motere ikakataa. Demareri ilizunguka vizuri, lakini hakuna kitu. Sisi tukapiga kelele: Kanyaga! Shofere akakanyaga akseleratere mara ishirini. Tukavuta starteri pia. Harufu ya esanse ikajaa pale, na sisi tuko tunakanyaga bado. Batri ikaisha. Tukasukuma katika mchanga, watu kumi na wawili, bure. Mtoto alizaliwa pale pale chini ya mwembe, mikononi mwa wamama wawili waliokuwa wakiuza mihogo. Yeye na mama yake ni wazima, tunamshukuru Mungu, lakini damu iliyotoka ilitutisha sana. Jua liliposhuka, shofere akashika manivela, akazungusha, na motere ikawaka mara ya pili tu, sawa vile haikuugua hata kidogo.

Basi swali la somo ni hili. Motere hii ilikubali asubuhi ikiwa baridi, ikakubali jioni. Juu ya nini ilikataa saa nane ya mchana, dakika 15 tu baada ya kukatwa?

Watu wanasema motere imechoka. Hapana, motere si punda. Tuangalie moto unakwenda wapi. Gari ikitembea, maji ya radiateri yanakaa karibu digrii 80 au 90, feni inapuliza, na esanse mpya yenye baridi inapita katika tiyo bila kusimama. Ukikata kontakti, vitu hivi vyote vinasimama kwa mara moja: feni, pompi ya maji na esanse. Lakini moto haukukatwa. Kolekta ya moshi, ile chuma nzito inayopokea moshi kutoka motere, inaweza kupita digrii 400 gari ikifanya kazi ngumu, na sasa moto wake unapanda juu. Juu yake kuna nini? Katika Land Rover za namna hii karburatere imekaa karibu juu yake kabisa. Kwa hiyo karburatere inazidi kupata moto baada ya motere kuzimwa kuliko wakati ilipokuwa inatembea. Ubaya unafika kilele kati ya dakika 10 na 20 hivi. Ukiwasha baada ya dakika mbili, hakuna shida. Ukiwasha baada ya saa moja na nusu, hakuna shida. Katikati ndipo penye mtego, na ndipo sisi tuliponaswa.

Sasa esanse yenyewe. Maji yana digrii yake moja ya kuchemka, esanse haina. Ni mchanganyiko wa vitu vingi: vilivyo vyepesi vinaanza kuchemka karibu digrii 35, vilivyo vizito vinangoja mpaka karibu 200. Mazutu inaanza kuchemka karibu 180, na ndiyo sababu makamio ya mazutu hayajui ugonjwa huu. Tena, kadiri hewa inavyokandamiza kidogo, ndivyo kitu kinavyochemka mapema. Wenzetu waliopika maharagwe Bukavu, karibu metre 1.500 juu ya bahari, wanajua yanavyochelewa kuiva: kule maji yanachemka karibu digrii 95. Kalemie, kando ya ziwa, ni karibu digrii 97. Kwa hiyo gari ya esanse inayopanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu inapata mateso mawili pamoja, motere inazidi moto na esanse inachemka mapema. Sisi huku bondeni mwa Luvua hatuna mlima wa namna ile, tuko na mchanga na jua. Vinatosha.

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Motere yenye moto inayokataa inaweza kuwa na magonjwa mawili. Kwa sura yanafanana, lakini dawa ya moja ni sumu ya lingine.

Ugonjwa wa kwanza ni kushiba kupita kiasi. Esanse inachemka ndani ya kikombe cha karburatere, kile chenye flotere, inasukumwa nje kupitia vijitundu vyake, inadondoka ndani ya motere. Silinda zinapata esanse nyingi na hewa kidogo. Buji zinalowa. Ugonjwa wa pili ni njaa. Esanse inachemka ndani ya tiyo na pompi, inageuka mvuke. Mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 150 kuliko esanse iliyoutoa, na pompi iliyotengenezwa kusukuma maji-maji inabaki inakandamiza mvuke na kuuachilia, hakuna kinachofika. Upande wa kuvuta, kati ya tanki na pompi, ndio mbaya zaidi, kwa sababu pale pompi inapunguza mkandamizo yenyewe, ni kama kuipandisha esanse mlimani. Ndiyo maana pompi ya umeme iliyofungwa karibu na tanki, inayosukuma badala ya kuvuta, inasumbuka kidogo tu.

Namna ya kutambua: fungua kapo, nusa. Harufu kali ni shibe. Kama hakuna harufu, toa filtre ya hewa, usogeze uso mbali, na uvute kwa mkono chuma ya akseleratere huku motere imezimwa. Angalia ndani ya karburatere. Esanse ikiruka kama mkojo mwembamba wa mtoto, kikombe kina esanse. Isiporuka, ni njaa. Mwenye sigara akae mbali kabisa, na hii hatusemi kwa ajili ya kanuni za shule tu.

Ikiwa ni shibe: usiguse starteri. Kanyaga akseleratere pole pole mpaka chini, UISHIKE PALE, usiachilie, usipampu. Zungusha demareri kwa sekunde kama kumi. Hewa nyingi inaingia, inafagia esanse iliyozidi, motere inakohoa, inatoa moshi mweusi, inawaka. Kila ukikanyaga na kuachilia, pompi ndogo ndani ya karburatere inamwaga esanse nyingine. Sisi pale kivukoni tulikuwa tunamlisha mtu aliyeshiba mpaka kutapika. Kesho yake tulipotoa buji zote nne zilikuwa nyeusi ti. Ushahidi ulikuwa puani mwetu tangu mwanzo!

Ikiwa ni njaa: chukua kitambaa chenye maji, funika pompi na tiyo yake, ungoje dakika tano. Kisha tumia kale kamkono kadogo chini ya pompi, kama gari yako inako. Land Rover yetu inako. Unapampu kwa kidole mpaka usikie kikombe kimejaa. Lakini maji usimwage juu ya kolekta wala juu ya kichwa cha motere. Chuma yenye moto mkali ikipata maji baridi inaweza kupasuka, na hapo hutatafuta tena kuwasha, utatafuta pesa.

Magonjwa haya yanaweza kufuatana. Esanse yote ya kikombe ikichemka na kumwagika, motere inashiba kwanza, halafu unaisafisha, inawaka kidogo, inazimika kwa njaa. Mtu asiyejua anasema amerogwa.

Kabla ya kuhukumu esanse, angalia pia umeme. Bobini mzee anaweza kufanya kazi vizuri akiwa baridi na kushindwa akiwa na moto. Toa buji moja, ifungie waya wake, iguse kwenye chuma ya motere mbali na karburatere, baada ya mvuke kupeperuka. Waya ushike kwa vijiti vikavu. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri, ya manjano na dhaifu si nzuri. Na kama demareri inazunguka kwa uvivu motere ikiwa na moto tu, anza na waya wa masi na vichwa vya batri, usafishe mpaka ving'ae.

Kuhusu batri tufanye hesabu kidogo, wa darasa la fizika mtatusahihisha. Demareri ikivuta ampere 180 kwa sekunde 10, ni 180 × 10 ÷ 3600, yaani ampere-saa 0,5. Ni kidogo, utasema. Lakini mara ishirini ni ampere-saa 10, na batri iliyoandikwa 60 ikizeeka pengine haina hata 20 zilizobaki. Batri ikishindwa kuzungusha demareri, mara nyingi bado inaweza kulisha bobini, ndiyo sababu manivela ilitufaa jioni ile.

Kuzuia ni bora kuliko kusukuma. Baada ya mchanga mzito, acha motere itembee polepole dakika mbili kabla ya kukata, na ukikata fungua kapo. Safisha radiateri: wakati wa kiangazi mbegu za majani zinaziba matundu yake kabisa. Tiyo ya esanse isiguse wala isikaribie tiyo ya moshi. Moto wa buji ukichelewa, kolekta inazidi kuwaka, kwa hiyo pima delko. Na chini ya karburatere kiwandani waliweka kipande kinene kisichopitisha moto. Mafundi wengi wakikitoa wanarudisha karatasi ya katoni. Hilo ni kosa! Kile kilikuwa ni ukuta, katoni si ukuta. Katika vitabu vya zamani utasoma kufunga tiyo kwa amianti. Usifanye, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Tena usivute esanse kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Marekani wako madereva wa zamani waliokuwa wakibana vibanio vya mti vya kuanika nguo kwenye tiyo ya esanse. Sisi tunaona havifanyi kitu kikubwa, ila vinamtuliza dereva. Toyota walifikiri vizuri zaidi: katika baadhi ya Land Cruiser FJ60, zilizoanza kutengenezwa 1980, waliweka feni ndogo inayopuliza karburatere hata kontakti ikiwa imekatwa.

Sisi feni hatuna. Tulikata bati, tukaliweka kati ya karburatere na kolekta bila kugusana, tukarudisha kipande kinene, tukasogeza tiyo vidole vinne. Halafu tukarudi katika mchanga ule ule saa nane ya mchana, tukakata kontakti mara tatu. Baada ya dakika 5, iliwaka. Baada ya dakika 30, iliwaka. Baada ya dakika 15 ilikataa mara ya kwanza, harufu ikatoka, shofere akakanyaga mpaka chini na kushika, ikawaka kwa sekunde nane. Kwa hiyo kazi haijaisha. Tunafikiri esanse katika kikombe imepanda kupita kipimo, na Jumamosi tutafungua karburatere kuangalia flotere. Anayetaka kujifunza aje na shati la zamani.